Nyanya na Hoho Haziwezi Baridi: Zisie Ndani Mwezi wa Saba

Mwezi wa sita ukiingia katika nyanda za juu za kusini, kabichi hunenepa bustanini na njegere hutoa maua, lakini nyanya hunyauka kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Mama ambaye mwezi wa tano alikuwa akichuma nyanya nyuma ya nyumba sasa anazinunua sokoni kwa fungu, na fungu lenyewe linazidi kuwa dogo kila wiki. Pilipili hoho ndiyo kabisa. Katika nyumba nyingi za Njombe, Makete, Mufindi na milima mingine ya jirani, maharage hupikwa kwa chumvi tupu, na hali hiyo huendelea karibu hadi Krismasi.

Huu ni ukurasa wa afya, na wapo watakaouliza kitalu cha nyanya kinahusiana nini na afya. Kinahusiana sana. Tuanze na hilo, kisha tushike jembe.

RANGI NYEKUNDU SI DAMU

Watu wengi wanadhani kwamba nyanya huongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Sivyo. Nyanya ina madini ya chuma kidogo mno, na madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Maharage, dengu, mchicha na majani ya maboga yana madini hayo kwa wingi zaidi, ila yana tabia ya ubahili: mwili hupata sehemu ndogo tu ya kilichomo, nyingine yote hupita na kutoka. Kinachoulegeza ubahili huo ni vitamini C ikiliwa katika mlo huohuo. Hapo ndipo nyanya, na hasa hoho, zinapofanya kazi yake.

Hoho ya kijani mbichi yenye uzito wa gramu 100 ina vitamini C miligramu 80 hivi. Ile iliyoiva ikawa nyekundu huzidi miligramu 120. Nyanya ya uzito huohuo ina miligramu 14 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Kwa hiyo nusu ya hoho ya wastani iliyokatwa mbichi juu ya maharage inatosha siku nzima, ilhali nyanya zingehitajika tatu au nne. Tunasema haya kwa sababu familia nyingi hupanda nyanya peke yake na kuiona hoho kama pambo la pilau la sikukuu. Sisi tungependa kuona kila nyumba ina vyote viwili, na hoho isiwe ndugu wa kambo.

Wanaohitaji zaidi ni mama mjamzito, mama anayenyonyesha, wasichana waliovunja ungo na watoto walio chini ya miaka mitano. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa sababu tu amepanda hoho. Vidonge ni vidonge na chakula ni chakula. Hoho iwekwe sufuriani mwisho, dakika mbili au tatu kabla ya kuepua, maana vitamini C huharibiwa na moto. Nyanya kwa upande wake haina ugomvi na moto. Ile rangi yake nyekundu, ambayo wataalamu wanasema ina manufaa kwa mwili, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula. Inayafunga madini ya chuma. Ngojeni kama saa moja hivi baada ya kula ndipo mnywe.

KWA NINI NDANI YA NYUMBA

Nyanya na pilipili si wenyeji wa milima yetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mababu wa nyanya walitoka upande wa Peru na Ekwado, na pilipili ililimwa tangu zamani huko Meksiko. Zilianza kusafirishwa kwenda mabara mengine baada ya mwaka 1492. Zimezoea mengi tangu wakati huo, lakini baridi hazijaizoea. Sakitu, ile barafu nyembamba inayoonekana juu ya majani alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba, ikizigusa usiku mmoja tu huziua.

Lakini kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni udongo baridi. Mbegu ya nyanya iliyo kwenye udongo wenye nyuzijoto 25 huchomoza kwa siku 6. Kwenye nyuzi 20 hutaka siku 8, kwenye nyuzi 15 wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 hukaa zaidi ya siku 40, kama haijaoza. Hoho ina deko zaidi: nyuzi 25 ni siku 8, nyuzi 20 ni siku 13, nyuzi 15 ni siku 25, na kwenye nyuzi 10 haioti kabisa. Mtu anayesia hoho nje mwezi wa saba, kisha akamlaumu muuza mbegu, mara nyingi anamwonea.

Ndiyo maana wakulima wa nchi za baridi za Ulaya husia mbegu hizi ndani, dirishani, wakati nje bado kuna theluji. Jambo hilo laweza kufanyika hapa bila gharama, kwa kuwa nyumba zetu zina jiko.

HESABU YA KURUDI NYUMA

Tusianze kwa kuuliza tusie lini. Tuulize miche itakwenda shambani lini, kisha tuhesabu kurudi nyuma. Katika maeneo yenye sakitu, hatari hiyo kwa kawaida hupungua mwezi wa nane unapokwisha. Wakati huo vinyungu huwa tayari vimelimwa mabondeni, unyevu bado upo, na jua linaanza kuwa kali. Basi tuseme tunataka kupandikiza tarehe 8 Septemba au karibu na hapo.

Mche wa nyanya unaokuzwa ndani kwenye baridi huchukua wiki sita hadi saba kufikia kimo cha kupandikizwa. Kwenye joto ungechukua nne au tano. Hoho huchukua wiki nane hadi tisa. Kwa hesabu hiyo hoho isiwe Sabasaba, na nyanya zingojee mpaka kama tarehe 25 Julai. Ni rahisi kukumbuka. Wanaoishi chini kidogo, ambako sakitu haifiki, waweza kutangulia wiki mbili au tatu.

Wengi hukosea kwa kusia vyote siku moja. Matokeo yake nyanya hurefuka na kulala wakati hoho bado ina majani mawili, na mwenye bustani, kwa kukosa subira, huzipandikiza zote pamoja. Hoho ndogo hufa, naye husema ardhi yake haikubali hoho.

Tena tusisie mapema mno. Mche wa nyanya uliokaa koponi wiki kumi huzeeka: shina huwa gumu, maua hutoka ungali koponi, na ukishapandwa hudumaa. Mche mchanga wenye afya utaupita.

Miche ikienda kinyungu mwanzoni mwa Septemba, nyanya za kwanza huiva mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba. Hapo mvua ndiyo kwanza zinaanza. Hii ni faida kubwa, kwa sababu mvua nyingi huleta bakajani, na bakajani ndiyo inayomfanya mkulima ashike bomba la dawa kila wiki.

Miche mingapi? Familia ya watu sita au saba, kwa makadirio yetu, itosheke na mashina 20 ya nyanya na 15 ya hoho. Nyanya zipewe sentimeta 60 kati ya mistari na 50 kati ya mashina. Hoho 60 kwa 40. Zote pamoja hazifikishi meta 10 za mraba. Mwenye nyumba asiseme hana eneo. Usie zaidi kidogo ya idadi hiyo, kama nusu yake tena, maana nyingine zitakufa na nyingine jirani ataziomba.

CHOMBO, UDONGO NA MIKONO SAFI

Chombo chochote chenye kina cha vidole vinne kinafaa: debe lililokatwa ubavuni, beseni lililopasuka, kreti ya mbao iliyotandikwa majani makavu ya mgomba. Kitobolewe chini ili maji yatoke. Chombo kimoja tu kisitumike hata kikipatikana bure, nacho ni kile kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu. Hakisafishiki kwa sabuni wala kwa majivu. Tunajua nyumba ambamo kopo la namna hiyo lilianza kama chombo cha miche, msimu uliofuata likawa la kuchotea maji ya kunywa. Chombo cha dawa kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kunyunyizia, kisha kitobolewe kisitumike tena.

Changanya udongo mweusi wa msituni au mboji debe mbili, samadi iliyooza sawasawa debe moja na mchanga debe moja. Samadi mbichi huunguza miche, na pia ina mayai ya minyoo. Udongo usitoke mahali palipolimwa nyanya, viazi mviringo, biringanya, ngogwe au tumbaku miaka mitatu iliyopita. Hizo zote ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, ufunike, uache upoe hadi kesho yake. Hii hupunguza kinyausi, ugonjwa unaoikata miche midogo shingoni usawa wa udongo ikalala chini asubuhi moja. Watoto wakae mbali wakati wa kumwaga maji hayo.

Ukinunua mbegu zilizopakwa rangi, nyekundu au ya bluu au nyingine, ujue zimetiwa dawa. Zisishikwe na watoto, zisihifadhiwe pamoja na mbegu za maboga za kukaanga, na aliyesia anawe kwa sabuni kabla hajagusa chochote. Aina za nyanya kama Tengeru 97, Cal J na Rio Grande zinajulikana, na kwa hoho California Wonder.

Fukia mbegu kina cha nusu sentimeta hadi moja, isizidi. Nyunyiza maji ya uvuguvugu, funika kwa nyasi kavu au gazeti.

Wavuta sigara na watumiaji wa ugoro tuna neno nao. Kuna ugonjwa wa virusi vya tumbaku unaoyapa majani ya nyanya na hoho mabaka ya njano na kijani na kuyakunja. Virusi hivyo huweza kubaki hai ndani ya tumbaku iliyokaushwa, na hupita kwenye vidole. Anayevuta anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Angeacha kabisa, mapafu yake nayo yangeshukuru.

JOTO, LAKINI SI LA JIKO LA MKAA CHUMBANI

Hatuna haja ya kipimajoto. Mahali ambapo unga wa maandazi huumuka vizuri, hapo mbegu zitaota. Wapika komoni nao wanapajua. Katika nyumba nyingi ni jikoni, hatua moja au mbili kutoka kwenye mafiga, au juu ya uchaga. Siku za kuchomoza, giza si kitu. Mbegu inataka joto na unyevu tu.

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Mtu asiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala kwa ajili ya kupasha joto miche, wala kwa ajili ya kupasha joto watoto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya hewa ya oksijeni, mtu akaishiwa pumzi bila kujua kwamba anaishiwa. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na huo usingizi ndio mtego. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na kwa sababu hiyo watu hudhani hauna madhara. Madhara ndiyo hapo yalipo. Kila msimu wa baridi huko milimani hutokea nyumba ambayo mlango wake haufunguliwi asubuhi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, jiko litolewe, na apelekwe kituo cha afya hata kama amezinduka. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia vizuri, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi ya mama.

Miche haihitaji hatari hiyo. Usiku ukiwa mkali sana, funika chombo kwa gunia, au weka karibu nacho chungu cha maji ya moto chenye mfuniko. Inatosha.

BAADA YA KUCHOMOZA

Siku utakapoona shingo za kwanza zimejipinda juu ya udongo, ondoa nyasi siku hiyohiyo. Kuanzia hapo mahitaji yanageuka: sasa ni mwanga kwanza, joto baadaye. Miche inayobaki gizani jikoni hurefuka, hupauka na kuanguka, na hakuna mbolea ya kuiokoa. Kila asubuhi jua likishapata nguvu, kama saa tatu, itolewe nje mahali palipokingwa upepo; saa kumi na nusu irudi ndani. Hii ni kazi nzuri ya mtoto wa shule ya msingi kipindi cha likizo, ila wakubwa wakumbuke jioni.

Maji yawekwe asubuhi, si jioni, na udongo wa juu uachwe ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Miche mingi huuawa na upendo wa maji kuliko kiu.

Majani mawili ya kweli yakishatokea juu ya yale mawili ya mwanzo, hamishia kila mche kwenye kikombe chake: kopo la maziwa, chupa ya plastiki iliyokatwa, au ganda la mgomba lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ganda la mgomba ndilo bora, maana huzikwa pamoja na mche na kuozea ardhini. Shika mche kwa jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likiminywa ndiyo mwisho.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza maji na iache nje muda mrefu zaidi, mpaka usiku mmoja au miwili ya mwisho ilale nje kama hakuna sakitu. Mche ulio tayari una kimo cha sentimeta 15 hivi, majani manne hadi sita na shina nene kama penseli. Pandikiza jioni. Nyanya izikwe mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake huota mizizi. Hoho ipandwe kina kilekile ilichokuwa nacho kikombeni.

DAWA NA SIKU ZA KUNGOJA

Tangu mwaka 2014 nchini kwetu kuna kipepeo mdogo wa kijivu aitwaye na wakulima kanitangaze. Kiwavi wake huchora njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda. Chunguza miche kabla haijatoka nyumbani. Jani lenye michoro hiyo liondolewe na kuchomwa. Anayetaka kuikinga miche atumie wavu wa kitalu. Chandarua ambacho watoto wanakilalia kibaki kitandani.

Ikibidi kupiga dawa, isomwe lebo. Utepe mwekundu maana yake ni sumu kali kuliko zote. Kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Nunua iliyosajiliwa, yenye lebo inayosomeka, isiwe ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Lebo hueleza pia siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuchuma. Siku hizo ziheshimiwe kwa nyanya za kuuza kama zinavyoheshimiwa kwa nyanya za nyumbani. Tumesikia wakulima wakisema wazi kwamba mstari wa kula wenyewe haupigwi dawa na wa sokoni hupigwa hadi jana yake. Anayekula nyanya ya sokoni naye ana watoto. Kuziosha kwa maji mengi kunasaidia kuondoa vumbi la dawa juu ya ganda, lakini dawa iliyoingia ndani ya tunda haioshwi.

KWA WASIO NA BARIDI

Wasomaji wa pwani na mabondeni hawana haja ya kusia ndani. Adui yao ni joto na mvua. Nyanya huangusha maua mchana unapozidi nyuzi 32 hadi 35 na usiku kukiwa na fukuto. Wao wasie mwezi wa nne au wa tano, kwenye kitalu kilichoinuliwa na kuezekwa nyasi au makuti ili mvua za masika zisikivunje, wapandikize masika yanapokwisha, na matunda yafunge katika miezi ya ubaridi.

MBEGU ZA MWAKANI

Kama mbegu zako si za chotara, chagua nyanya mbili tatu zilizoivia kwenye shina lenye afya, kamulia mbegu kwenye kikombe, ziache zichachuke siku mbili au tatu, zioshe na kuzianika kivulini. Za hoho zitolewe kwenye tunda lililokuwa jekundu kabisa, zianikwe bila kuchachushwa. Tunza kwenye chupa kavu yenye majivu kidogo, mbali na jiko, na uandike aina na mwaka. Za nyanya hudumu miaka minne hivi zikitunzwa vizuri; za hoho huchoka baada ya miwili. Mwishoni mwa mwezi wa sita zifunge mbegu kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto. Zisipoota angalau sita baada ya wiki mbili, sia mara mbili ya ulivyokusudia, au tafuta nyingine kabla julai haijakwisha.